Baba Amekwenda Porini



Ukipita asubuhi na mapema katika barabara itokayo Arusha kwenda Kisongo na Makuyuni, utayaona magari ya watalii yakifuatana, paa limefungwa, matairi ya akiba nyuma, maboksi ya maji ya kunywa yamepangwa ndani. Watoto wa shule huyapungia mikono. Sisi tunaokaa huku chini ya Mlima Meru tumeyazoea kama tulivyoizoea migomba yetu. Na ukibisha hodi katika nyumba nyingi za Tengeru, Moshono, Sakina au Ngaramtoni ukauliza, "Baba yuko wapi?" mtoto atakujibu bila kufikiri, "Amekwenda porini."

Mwezi huu tungependa tuzungumze juu ya huyo baba aliyekwenda porini, na zaidi juu ya mama aliyebaki nyumbani. Habari za simba na tembo tutawaachia watalii wakazisimulie kwao. Sisi tuna habari za mgongo, za fedha, na za karatasi.

Mnamo Agosti 2023, wakati wageni ni wengi na hakuna gari linalolala mjini, mama mmoja wa kikundi chetu alimleta mume wake zahanati. Ni mwanaume mwenye mwili na heshima zake, amekwisha kuongoza wageni kwa miaka tisa na kampuni moja. Aliingia akiwa ameshika ukuta. Mguu wa kushoto ulikuwa na ganzi kuanzia pajani, na tulipomwambia anyanyue unyayo, haukunyanyuka. Tukamwuliza maumivu yalianza lini. Akasema, "Wiki hii." Mke wake akamtazama. Akasema tena, "Kama miaka miwili, sista."

Miaka miwili! Kumbe kila kabla ya safari alikuwa akipita duka la dawa kuchomwa sindano ya maumivu, na mfukoni anabeba vidonge vya kumfikisha Seronera na kumrudisha. Tukamwuliza kwa nini hakusema. Jibu lake tunaliandika kama alivyolitoa: "Nikisema naumwa, safari anapewa mwingine. Akishapewa mwingine, gari limekwenda."

Labda wewe msomaji wa mbali hujui kazi hii ilivyo. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300. Lami inakupeleka Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Loduare pale Ngorongoro. Baada ya hapo ni barabara ya udongo na changarawe, yenye makunyanzi kama ubao wa kufulia nguo. Gari linatetemeka, na mgongo wa dereva unatetemeka pamoja nalo, saa baada ya saa. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna kitu laini mfano wa mto mdogo. Kikitikiswa kwa miaka, tena mtu akiwa amekaa, hatimaye hupasuka au kusogea na kuukandamiza mshipa wa fahamu uendao mguuni. Ndivyo ilivyompata baba huyu.

Dereva hatoki kitini mgeni anaposhuka na kwenda kuoga. Asubuhi saa 11 yuko macho, kwa kuwa wageni wanataka kumwona chui kabla jua halijawa kali. Mchana anaendesha na kueleza kwa wakati mmoja, jicho moja barabarani na jingine kwenye miti. Jioni wageni wakila, yeye anaosha gari, anakagua matairi, anatafuta mafuta, anasikiliza kengele gani inalia chini ya gari. Safari nyingine ni siku kumi mfululizo, na siku anayoshusha wageni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro anaweza kuambiwa apokee wengine usiku uleule. Tena kibali cha kuingia hifadhini huhesabiwa kwa saa 24. Basi siku ya kutoka, madereva wanaikimbilia saa, huku mwendo unaoruhusiwa ndani ya Serengeti ni kilomita 50 tu kwa saa. Akikimbia ni kosa, akichelewa ni gharama, na madereva wengi wametueleza kwamba gharama hiyo huwarudia wao.

Nasi wauguzi tuna orodha yetu ya mambo wayaletayo. Wengi hawanywi maji wakiwa kazini, kwani hawawezi kuwaacha wageni katikati ya simba wakaenda haja ndogo. Hao huja na mkojo wa rangi ya chai, na wengine huja na vijiwe vya figo. Ukichanganya kiu hiyo na vidonge vya maumivu vya kila siku, figo zinaumia bila kelele yoyote. Vidonge hivyo pia hutoboa tumbo. Tumewaona wakitapika damu. Shinikizo la damu tunalikuta kwa vijana wa miaka 38. Aidha liko jambo ambalo akina mama wengi hawalijui: mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, wako Tarangire na Serengeti, nao huweza kuleta malale. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi hizo walirudi kwao Ulaya wakiwa na ugonjwa huo. Baba akirudi na homa kali, kipimo cha malaria kikaonyesha hana, na homa isiondoke, mwambieni mganga waziwazi kwamba ametoka porini na aliumwa na mbung'o. Msingoje aulize.

Na kuhusu mgongo: ganzi ikishuka mguuni, au ikaenea sehemu za siri, au mtu akashindwa kuzuia au kutoa mkojo, hiyo si ya kuchuliwa mafuta nyumbani. Ni hospitali siku hiyohiyo.

Tuseme pia neno moja kwa unyenyekevu, maana sisi ni watu wazima na tuna ndoa. Mume asiyelala nyumbani siku ishirini za mwezi huleta maneno mtaani, mengine ya kweli na mengine ya wivu tu. Katika zahanati yetu tunapenda wanapokuja wawili kupima pamoja, hasa mwisho wa msimu, bila kulaumiana. Wako wanaofanya hivyo kila mwaka na ndoa zao zina amani.

Sasa turudi kwa baba wa Agosti. Tulimwandikia rufaa, akapigwa picha, akaambiwa alale na asiendeshe kwa miezi mitatu. Mwenye kampuni alituma bahasha ya pole na mkungu wa ndizi. Tunakiri ulikuwa ukarimu, na mama alishukuru. Mwezi wa Septemba hakikuja kitu. Oktoba, mama akapiga simu ofisini kuuliza mshahara. Akajibiwa kwa adabu kabisa kwamba mume wake hakuwa mwajiriwa. Yeye ni dereva wa kuitwa kwa safari, deiwaka. Safari ikiwepo analipwa, isipokuwepo halipwi, na gari lake sasa anaendesha kijana mwingine.

Mama alikuja kwenye kikundi Jumatano ile akiwa amevaa kanga aliyoifunga vibaya. Alituuliza swali moja: "Miaka tisa mtu anavaa shati lenye jina la kampuni, halafu si wa kampuni?"

Tulikuwa akina mama kumi na wanne pale. Saba kati yetu waume zetu, kaka zetu au watoto wetu wanaendesha watalii. Tukaulizana ni nani aliyewahi kuuona mkataba wa kazi wa mtu wake kwa macho. Wawili waliinua mkono. Mmoja wao akaongeza kwamba aliuona, lakini hauko nyumbani. Ofisi ilibaki nao. Tukacheka kidogo, halafu tukanyamaza.

Hapo ndipo tuone ubaya wa bakshishi. Usitufahamu vibaya, mama. Bakshishi imejenga nyumba nyingi hapa Meru na imesomesha watoto. Lakini imetuzoesha kutouliza. Baba anarudi na dola, tunalipa ada, tunaezeka, tunanunua ng'ombe wa maziwa, na majirani wanasema mke wa dereva wa watalii hana shida. Mwajiri naye anajua hivyo. Anasema, "Mshahara ni mdogo, lakini utapata kwa wageni." Ni kweli atapata. Lakini mgeni hamchangii NSSF. Mgeni hamlipi akiwa kitandani. Michango ya uzeeni na malipo ya likizo ya ugonjwa huhesabiwa kwenye mshahara, wala si kwenye bahasha ya mgeni. Kwa hiyo mtu ambaye kwa mwezi wa Agosti huleta nyumbani fedha nyingi kuliko mwalimu mkuu, akivunjika mguu anahesabiwa kuwa ana kipato cha mtoto wa dukani.

Tulilionja hilo mwaka 2020. Mwezi wa Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kwa ajili ya korona, na ingawa zilifunguliwa tena tarehe 18 Mei, wageni hawakuja. Mwaka 2019 watalii walioingia nchini walikuwa kama milioni 1.5, mwaka 2020 walishuka wakawa laki sita na ushee. Magari yaliegeshwa yakaota majani kwenye matairi. Wanaume waliozoea kusema Kiingereza na Kijerumani walionekana wakipalilia kahawa kwenye vihamba vya baba zao, na wengine waliuza nyanya Tengeru. Hakuna aliyewaonea haya, sote tulikuwa hali moja. Kisha wageni wakarudi. Mwaka 2023 walipita milioni 1.8 na mwaka 2024 wakavuka milioni 2. Magari yakajaa tena. Karatasi hazikuongezeka.

Wazee wetu wachache walioendesha magari ya mashirika ya umma zamani wanatushangaa. Mmoja, mzee wa Poli, alituambia kwamba mshahara ulikuwa kidogo na gari bovu, lakini alipostaafu alijua anakwenda ofisi gani kudai. Hatusemi tuirudie enzi ile. Tunasema mzee yule ana bahasha ya karatasi zake chini ya godoro hadi leo.

Basi, mama yule tulimpeleka kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Ni dada mdogo tu, lakini anajua kazi yake. Swali lake la kwanza halikuwa mkataba. Aliuliza, "Mliambiwa lini kwamba gari amepewa mwingine?" Mama akahesabu kwa vidole. Zilikuwa zimepita siku 24. Yule dada akasimama. Akatueleza kwamba anayelalamika kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine ya kazi yana siku 60. Sisi sote tulikuwa tunasema tungoje kwanza baba apone.

Kisha akatufungua macho katika mambo mawili. La kwanza liko katika Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61. Sheria hiyo haiangalii tu jina ambalo ofisi imempa mtu. Inaangalia mambo yalivyo: je, anapangiwa saa na jinsi ya kufanya kazi? Je, anatumia vifaa vya mwajiri? Je, anamtegemea huyo mmoja kwa riziki yake? Je, ni sehemu ya shughuli ya kampuni? Je, kwa miezi mitatu iliyopita amemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi? Likiwapo hata moja kati ya mambo ya namna hiyo, mtu huyo anadhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka mwajiri aonyeshe vinginevyo. La pili liko katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo: mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Shauri likifika, akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha ni wake.

Mama akauliza, "Sasa sisi tuna nini cha kuonyesha?"

Tulikwenda nyumbani kwake, tukamwaga mfuko mkubwa wa plastiki juu ya kitanda. Humo mlikuwa na mashati mawili yenye nembo ya kampuni. Ratiba za safari zenye jina la baba kama dereva, nyingine zimemwagikiwa chai. Risiti za mafuta. Katika simu mlikuwa na ujumbe wa ofisi ukimwambia awe KIA saa fulani na asisahau maji ya wageni, na malipo yaliyotumwa kwa simu mwezi baada ya mwezi. Mama hakuwahi kufikiri kwamba ule ulikuwa ushahidi. Alikuwa akiuita uchafu wa baba. Mara mbili alikaribia kuuchoma.

Lalamiko lilifika siku ya 27. Siku ya usuluhishi tulimsindikiza, tukakaa nje kwenye benchi tukiwa na chupa ya chai, kwa kuwa wanaoingia ni wahusika na wawakilishi wao. Haikuwa vita. Mwenye kampuni si mtu mbaya. Tunawajua watoto wake. Alisema wenzake wote wanafanya vivyo hivyo, na tunaamini alisema kweli. Walikubaliana kiasi, kikaandikwa, kikasainiwa, kikalipwa kwa mafungu matatu. Hakikuwa fedha za miaka tisa. Kililipa deni la hospitali na ada ya mtoto wa kidato cha tatu, na kilichobaki kilinunua vifaranga.

Tumewaza sana, kama baba yule angekuwa na mkataba na michango tangu mwanzo ingekuwaje. Aliyetimiza miezi sita kazini, akileta cheti cha mganga, ana haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, nyingine 63 kwa nusu. Ana siku 28 za likizo ya mwaka. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na hata akiongezewa, siku isizidi saa 12. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Anapaswa kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki. Akiumia kazini au akapata ugonjwa uliosababishwa na kazi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Huko anayechangia ni mwajiri peke yake; mfanyakazi hakatwi hata senti. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake.

Zipo kampuni za hapahapa Arusha zinazofanya yote hayo, na madereva wao wanajulikana. Hawana haraka ya kuhama. Kwa hiyo anayesema haiwezekani, ajibu hao wanawezaje. Wako pia wanaojiunga na chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kinachowahusu watu wa hifadhi na hoteli. Na siku hizi wako mabinti wanaoongoza watalii, si wengi bado, lakini tunawaona wakiendesha magari yaleyale kwa ushujaa. Kwao suala la mkataba ni zito zaidi, kwani likizo ya uzazi ya siku 84 haiwezi kudaiwa kwa mtu anayesema hakukuajiri.

Mama, tunajua ugumu wa kuuliza. Mwanaume ametoka porini na vumbi masikioni, amechoka, nawe unamwuliza mkataba uko wapi, ataona humwamini. Msimwulize siku anayorudi. Ngojeni Aprili, mvua za masika zinaponyesha na magari yapo gereji, na baba yupo nyumbani anatafuta la kufanya. Mwandalieni loshoro. Kisha mkae wote wawili mwangalie: jina liko NSSF? Michango imeingia mara ya mwisho mwezi gani? Taarifa hiyo ni haki ya mwanachama kuipata. Na ule mfuko wa uchafu wa baba, utafutieni sanduku lenye kufuli.

Kuhusu fedha za msimu tulikwisha kuandika siku za nyuma, hatutarudia. Ila kikundi chetu kimeweka desturi kwamba wake wa madereva wanaweka akiba kubwa kuanzia Julai hadi Oktoba, na Aprili na Mei hawadaiwi.

Baba wa Agosti sasa anatembea. Unyayo bado unaburuta kidogo, unamsikia anapokuja kanisani kabla hujamwona. Anafuga kuku wa mayai, na vijana huja kumwuliza njia za Ndutu wakati wa nyumbu kuzaa. Kijana wake mkubwa amemaliza chuo, amepata leseni ya kuongoza watalii, na mwezi uliopita kampuni moja ilimwita. Mama yake alimwuliza mkataba. Kijana akasema, "Mama, utanitia aibu. Nikiuliza mkataba kabla ya safari ya kwanza, watamwita mwingine."

Aliondoka Jumanne alfajiri. Mama alitoka hadi getini na kanga yake, akasubiri gari ligeuke, akasoma namba. Kisha akaingia ndani, akachukua daftari jipya, akaandika tarehe, namba ya gari, jina la kampuni, na saa: 11 na robo alfajiri.